MTOTO AMBAYE HAKULETWA KUPIMWA

(Hotuba kwa viongozi wa vikundi vya kujisaidia)

 

Tuanze na habari njema. Uchunguzi wa afya wa mwaka 2003 ulionyesha kwamba hapa Kenya, kati ya watoto 1,000 waliozaliwa hai, 115 walikufa kabla ya kutimiza miaka mitano. Katika uchunguzi wa 2022 walikuwa 41. Chanjo, vyandarua vyenye dawa na bidii ya akina mama vimesaidia. Tumshukuru Mungu.

Lakini tusipige makofi mapema. Uchunguzi huo wa 2022 ulionyesha pia kwamba watoto 18 katika kila 100 wamedumaa, yaani ni wafupi kwa umri wao, kwa sababu ya lishe duni na kuugua mara kwa mara. Kilifi walikuwa 37, Pokot Magharibi 34. Basi hesabu ya nchi nzima inaweza kupendeza huku wengine wanaumia.

Je, vijijini kwetu si hivyo hivyo? Sisi wenyewe tulikosea. Siku za kupima uzito tulifurahi, karibu watoto wote walikuwa wazima. Tulipotembea nyumba kwa nyumba ndipo tukawaona waliokonda. Hawakuwa wameletwa. Mmoja analelewa na nyanya yake asiyeweza kutembea mbali. Mwingine mama yake ni kibarua, akikosa kazi siku moja hakuna unga. Na wengine, jamani, mama zao waliona haya, kwa sababu siku hiyo hiyo tulikuwa tunasoma majina ya wenye deni la mchango!

Kwa hivyo tunawaomba mambo matatu:

1. Siku ya kupima watoto, habari ya mchango isitajwe.

2. Andikeni watoto wote wa kijiji walio chini ya miaka mitano, si wa wanachama peke yao. Asiyeletwa, watu wawili wamtembelee jioni hiyo. Wasiende kugombana, waende kusaidia.

3. Mtoto asiyeongezeka uzito, au aliyevimba miguu, apelekwe zahanati mara moja. Kikundi kichange nauli.

Mkono mmoja haulei mwana. Mwezi ujao msituambie tu ni wangapi wamepimwa. Tuambieni ni nani hakuletwa, na mmemfanyia nini.