Ada za Shule na Mfuko wa Ukoo

Tumekutana katika Eneo Huru la Uwanja wa Ndege wa Dubai, lililoanzishwa mwaka 1996, ambako baadhi yetu twapata riziki. Wazee watuwie radhi kwa baridi ya chumba hiki, madirisha hayafunguki.

Nimeombwa niseme juu ya ada. Kila Januari simu hutoka Pangani: mtoto fulani aondolewe shule ya serikali, apelekwe ya kulipia. Nasi hutuma fedha bila kuuliza.

Serikali ya Tanzania ilikwisha kufuta ada za shule za msingi, na kuanzia Januari 2016, kwa Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015, ikafuta za sekondari hadi kidato cha nne. Ni jambo la kushukuriwa. Lakini mpango ule uliweka ruzuku ya shilingi 10,000 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa msingi na 25,000 kwa wa sekondari, kiwango kimoja kwa shule ya mjini yenye maktaba na ya kijijini yenye upungufu wa madawati. Shilingi zililingana, elimu haikulingana. Tena, mtoto wa shule ya serikali kwa kawaida husoma msingi kwa Kiswahili, kisha kidato cha kwanza hukutana na fizikia kwa Kiingereza. Mwenzake wa shule ya kulipia ameizoea lugha hiyo tangu utotoni. Mtihani wa kidato cha nne ni mmoja kwa wote wawili.

Sasa, pengo hilo tunalipanua sisi wenyewe. Tukimwondoa mtoto wetu, tunamwondoa na mzazi ambaye angesimama kwenye kikao cha shule akadai vitabu. Wanaobaki ni wale wasiosikilizwa.

Najua watakaosema kazi hiyo ni ya serikali. Ni kweli, na idaiwe. Lakini anayedai ni mwenye mtoto darasani.

Naomba basi: waliokwisha kuanza shule za kulipia wasikatishwe. Kuanzia mwakani, nusu ya mfuko wetu inunue vitabu na imlipe mwalimu wa ziada wa Kiingereza katika shule ya serikali waliyosoma wazazi wetu, kwa watoto wote, wetu na wa jirani. Mweka hazina anayo hesabu. Wazee wailinganishe kabla ya kura ya alasiri.