Mwalimu Aliyewahoji Wadudu

Leo tunazungumzia maisha ya Jean-Henri Fabre, mwalimu wa shule wa Ufaransa aliyeshika chaki kwa miaka 28 kwa mshahara mdogo, na ambaye bila maabara wala msaidizi aligundua mambo ya wadudu yaliyowashangaza wataalamu wa Paris na London. Tunamzungumzia kwa sababu njia aliyoitumia haidai fedha nyingi. Inadai macho, subira, na ukaidi wa kutokubali jambo eti kwa kuwa limeandikwa kitabuni.

Fabre alizaliwa Desemba 1823 katika kijiji cha Saint-Léons, kusini mwa Ufaransa. Wazazi wake walikuwa watu wa hali ya chini, na kwa kuwa kulisha watoto kulikuwa kazi, alipelekwa akalelewe na babu na bibi yake. Shule yake ya kwanza ilikuwa chumba kimoja tu, ambacho mwalimu alikitumia pia kama jiko na mahali pa kulala. Kuku na watoto wa nguruwe waliingia darasani kutafuta makombo. Baadaye baba yake alihama na familia kutoka mji hadi mji, akifungua mikahawa iliyokufa mmoja baada ya mwingine, hadi ikabidi kila mtu ajitafutie riziki. Kijana Fabre akauza malimau gulioni, akafanya kibarua cha kujenga reli. Aliposikia kwamba chuo cha ualimu cha Avignon kinatoa nafasi za ufadhili kwa mtihani, akaufanya na kufaulu. Mwaka 1842, akiwa na umri wa miaka 18, akaingia darasani katika mji wa Carpentras kama mwalimu wa shule ya msingi.

Mshahara wake ulikuwa faranga 700 kwa mwaka, na hata hizo zilichelewa. Lakini hapo Carpentras ndipo alipokutana na wadudu, na waliomkutanisha nao ni wanafunzi wake. Alikuwa akiwafundisha upimaji wa ardhi, akawatoa nje kwenye uwanda wenye mawe. Akimtuma mwanafunzi akasimike kijiti, anaona kijana ameinama, anafukua kitu, kijiti kimesahaulika. Alipokwenda kuangalia, akakuta vijana wanafyonza asali kwa nyasi kutoka kwenye viota vya udongo vilivyobandikwa juu ya mawe. Vilikuwa viota vya nyuki wa porini, wale wanaojenga kwa tope gumu kama saruji. Mwalimu mwingine angewachapa. Fabre aliinama akafyonza nao, kisha akaanza kuuliza: nyuki huyu ni nani, na anaishije? Katika duka la vitabu akaona kitabu kinachoeleza wadudu. Bei yake ilikuwa sawa na mshahara wa mwezi mzima. Akakinunua.

Aliendelea kujisomea mwenyewe usiku, hesabu, fizikia na kemia, akafanya mitihani ya chuo kikuu bila kukaa darasani. Alifundisha fizikia katika kisiwa cha Corsica hadi malaria ilipomchosha, na mwaka 1853 akahamia shule ya sekondari ya Avignon. Mwaka 1855 alipata shahada ya uzamivu mjini Paris.

Sasa tufike kwenye kisa kilichompa jina. Jioni moja ya majira ya baridi alisoma makala ya Léon Dufour, daktari aliyeheshimika sana katika elimu ya wadudu. Dufour aliandika kuhusu nyigu wachimbaji wanaokamata mbawakawa na kuwaweka akiba ndani ya mashimo ardhini, ili buu wa nyigu akianguliwa akute chakula. Jambo la ajabu, mbawakawa hao hawakuoza kwa majuma kadhaa. Maelezo ya Dufour yalikuwa kwamba nyigu humuua mbawakawa, kisha humtia dawa ya kuhifadhi mzoga.

Fabre hakubishana naye kwa maneno. Alikwenda kwenye kingo za mchanga karibu na Carpentras, akawatafuta nyigu wa ukoo huohuo, ambao mawindo yao ni fukusi wakubwa. Akafukua mashimo, akawachukua fukusi walioonekana wamekufa, akawaweka nyumbani na kuwachunguza siku baada ya siku. Viungo vilikuwa laini. Fukusi waliendelea kutoa kinyesi. Alipowagusisha umeme wa betri, miguu ilichezacheza. Mzoga haufanyi hivyo. Basi fukusi hawa walikuwa hai, ila wamepooza.

Swali lililofuata likawa: wamepoozwaje? Hapo alitumia ujanja. Alimngoja nyigu arudi na windo lake, akamnyang'anya fukusi aliyepooza, na mahali pake akamwekea fukusi mzima. Nyigu akamrukia, akamkaba, na mwiba wake ukaingia chini ya kifua, kati ya jozi ya kwanza na ya pili ya miguu. Fukusi akalegea papo hapo. Fabre alijua kwamba katika wadudu hao mafundo ya neva yanayoendesha miguu yamekusanyika mahali hapo hapo. Ili kuhakikisha, akachukua sindano, akaichovya katika amonia na kumchoma mbawakawa mwingine mahali palepale. Naye akapooza, lakini hakufa.

Kwa hiyo buu wa nyigu hupata nyama mbichi mpaka atakapomaliza kula, pasipo dawa yoyote ya kuhifadhi mizoga. Fabre alichapisha utafiti huo mwaka 1855, na Chuo cha Sayansi cha Ufaransa kikamtunuku. Charles Darwin mwenyewe aliandika kwamba Fabre ni mtazamaji asiye na mfano wake.

Kama ndiyo kwanza unafungua redio yako, tunazungumzia Jean-Henri Fabre, mwalimu na mtafiti wa wadudu.

Sifa hizo hazikuongeza chochote mfukoni. Pale Avignon mshahara wake ulikuwa faranga 1,600 kwa mwaka, na haukupanda kwa miaka yote aliyokaa. Alifundisha masomo ya ziada, akajaribu kutengeneza rangi nyekundu bora zaidi kutoka kwenye mizizi ya mmea uliolimwa huko, lakini rangi ya kiwandani ikaingia sokoni na kuifuta biashara hiyo.

Mwaka 1865 alitembelewa na Louis Pasteur, ambaye serikali ilikuwa imemtuma achunguze ugonjwa uliokuwa ukiangamiza viwavi wa hariri. Pasteur alikuwa hajawahi kushika kifuko cha kiwavi wa hariri. Alipopewa kimoja, akakitikisa sikioni na kushangaa kwamba kuna kitu ndani. Fabre akamweleza kwamba humo kiwavi hugeuka kuwa nondo. Wengi wangecheka. Fabre alivutiwa, akasema baadaye kwamba mtu anayeanza bila kujua huwa hana ubishi wa kulinda, na akajizoeza kuanza utafiti wake vivyo hivyo. Pasteur kweli aliuelewa ugonjwa ule na kuonyesha jinsi ya kuuzuia.

Balaa lilimfika kwa sababu ya ufundishaji. Waziri wa elimu, Victor Duruy, alitaka wasichana nao wafundishwe sayansi, na Fabre akaendesha masomo ya jioni ya bure mjini Avignon. Wasichana walijaa. Siku moja akaeleza jinsi maua yanavyochavushwa na kupata mbegu. Makasisi na wakubwa wa mji wakapiga kelele kwamba anaharibu maadili, na wenye nyumba aliyopanga, wanawake wawili washika dini, wakampa notisi ya kuhama. Alikuwa na mke na watoto, na akiba hana. Aliyemwokoa alikuwa mwanafalsafa Mwingereza John Stuart Mill, aliyekuwa akiishi karibu na Avignon. Mill alimkopesha faranga 3,000 bila dhamana wala hati. Fabre akaondoka, akaacha kazi ya shule, akahamia Orange na kuishi kwa kalamu: vitabu vya kiada vya kemia, mimea, elimu ya nyota, hata kazi za nyumbani, vilivyoandikwa kwa lugha ambayo mtoto anaielewa. Deni la Mill alililipa lote.

Ni vitabu hivyo vya shule vilivyomwezesha, mwaka 1879, kununua nyumba na kipande cha ardhi katika kijiji cha Sérignan. Ardhi ilikuwa mawe na magugu, haimfai mkulima. Ilimfaa yeye, maana magugu yenye maua huleta nyuki na nyigu. Aliishi hapo hadi kifo chake, na katika miaka hiyo zikachapishwa juzuu 10 za masimulizi yake ya wadudu, ya kwanza mwaka 1879 na ya mwisho mwaka 1907.

Nikupe jaribio moja la Sérignan ambalo wakulima wa Afrika Mashariki wanafaidi matunda yake hadi leo. Asubuhi moja ya Mei, nondo jike mkubwa alitoka kwenye kifuko chake juu ya meza ya Fabre, naye akamfunika kwa kifuniko cha waya. Usiku, mwanawe mdogo Paul akapiga kelele kwamba chumba kimejaa vipepeo wakubwa. Nondo madume wapatao 40 walikuwa wameingia kupitia madirisha, gizani, wakimzunguka yule jike. Nani aliwaita?

Fabre alimfungia jike katika kopo lililozibwa kabisa. Hakuja hata dume mmoja. Akaacha mwanya mdogo, wakaja. Halafu, kwa nondo wa aina nyingine, alimweka jike ndani ya kioo kilichozibwa, mahali pa kuonekana wazi, na kando akaweka kile chombo cha mchanga alicholalia jike usiku uliotangulia. Madume walimpita jike waliyeweza kumwona, wakaenda kujazana kwenye chombo kitupu. Basi walichofuata ni harufu, ijapokuwa pua ya binadamu haikunusa kitu. Mwaka 1959 wanakemia wa Ujerumani walifanikiwa kuitambua kemikali ya namna hiyo katika nondo wa hariri. Leo mitego yenye harufu ya jike hutundikwa Tanzania na Kenya kuhesabu nondo wa viwavijeshi, ili mkulima apate onyo kabla viwavi hawajaingia shambani.

Fabre hakuwa malaika wa sayansi. Aliikataa nadharia ya Darwin ya mabadiliko ya viumbe hadi mwisho, ingawa wawili hao waliandikiana barua kwa heshima. Aliamini kwamba ustadi wa nyigu hauna kasoro, hivyo hauwezi kuwa ulijengeka hatua kwa hatua. Watafiti waliomfuata waliwatazama nyigu wengi zaidi, wakakuta kwamba wengine hukosea pa kuchoma, na baadhi ya mawindo hufa. Yaani alikosolewa kwa njia ileile aliyoifundisha: rudi kwa mdudu, ukamtazame tena. Aliheshimiwa akiwa tayari mzee, na Rais Raymond Poincaré alimtembelea nyumbani mwaka 1913. Alifariki Oktoba 1915 akiwa na miaka 91, na nyumba yake sasa ni makumbusho.

Kwa walimu wanaotusikiliza, nina ombi. Karibu kila shule yetu ina nyigu anayejenga kiota cha udongo kwenye pembe ya dirisha au chini ya paa. Kiota kikishazibwa na nyigu amekwenda zake, kibandueni na wanafunzi, mkivunje taratibu juu ya karatasi. Ndani mtakuta buibui, au viwavi, kutegemea aina ya nyigu. Msiwape wanafunzi jibu. Waulizeni: hawa wamekufa au wako hai? Waacheni wabuni wenyewe namna ya kuhakikisha, waandike tarehe na walichokiona kila siku kwenye daftari. Hicho ni kipindi kizima cha sayansi, na hakitaigharimu shule hata shilingi moja.