Maskani na Maskini

  

Ndugu Waislamu, waliosoma Kiarabu wanajua kwamba maskani na maskini ni maneno ya mzizi mmoja, sakana, yaani alitulia. Maskani ni mahali pa kutulia. Maskini, wamesema wanalugha, ni yule ambaye ufukara umemkalisha chini, hana nguvu ya kujitikisa. Hapa Dodoma maneno hayo mawili yamekutana kwa namna ya kuhuzunisha.

Mji wetu ulipochaguliwa mwaka 1973 kuwa makao makuu, ardhi yake ilisimamiwa na Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu (CDA), iliyotoa hati za miaka 33. Mamlaka hiyo ilivunjwa Mei 2017, kazi zake zikahamia manispaa, na muda wa hati ukapelekwa hadi miaka 99. Kwa hilo tunashukuru. Lakini tangu serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia hapa, watu wameifuata. Sensa ya 2012 ilihesabu wakazi 410,956 katika manispaa. Ya 2022 ikahesabu 765,179 katika jiji. Wote hao wanahitaji pa kulala, na viwanja vingi vinavyopimwa vilikuwa mashamba ya watu: ya mtama, ya uwele, ya zabibu.

Hapo ndipo ukosefu wa makazi unapotengenezwa. Tusidhani asiye na makazi ni yule tu anayelala kwenye baraza za maduka. Bibi mkulima ambaye tembe lake limeingia ndani ya ramani, na fidia haijamfikia, naye hana maskani, ingawa usiku wa leo atalala humo.

Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 imekwisha kusema kwamba fidia iwe kamili, ya haki na ilipwe kwa wakati, ikihesabu bei ya soko, usumbufu, usafiri na hasara ya kukosa makazi. Sera ya Taifa ya Maendeleo ya Makazi ya 2000 nayo ilielekeza makazi yasiyopimwa, mfano wa Chang'ombe yetu, yaboreshwe wakazi wakiwa humo. Nyumba za Shirika la Nyumba la Taifa kule Iyumbu ni nzuri, lakini mnunuzi wake ni mwenye mshahara. Kwa fukara, sera iliyo bora ni kutomng'oa alipo, na akilazimika kuondoka, malipo yatangulie bikoni.

Haya si mageni katika dini yetu. Kiwanja cha msikiti wa Madina kilikuwa cha mayatima wawili, Sahl na Suhayl. Walitaka kukitoa bure, Mtume (S.A.W.) akakataa mpaka kilipwe. Imesimuliwa pia kwamba Umar (R.A.), alipotaka kuupanua msikiti huo, aliitaka nyumba ya Abbas (R.A.). Abbas akakataa kuuza. Wakaenda kwa Ubayy bin Ka'ab, naye akahukumu dhidi ya Khalifa! Ndipo Abbas, haki yake ikiwa imethibiti, akaitoa kwa hiari.

Sasa tujitazame wenyewe, maana wanunuzi wa viwanja ni sisi. Tumewahi kuonyeshwa kiwanja kwa bei ya kutamanisha, na tulipouliza mwenye shamba alilipwa lini, dalali akacheka. Ardhi iliyotwaliwa bila ridhaa wala malipo ni ghasbu. Wanazuoni wamekhitalifiana hata juu ya swala inayoswaliwa juu yake: wengi wamesema inasihi pamoja na dhambi, na Mahanbali wakasema haisihi. Ikiwa sijida ina mashaka, je, sebule?

Basi kila Jumamosi baada ya Alasiri, mwenye fomu ya uthamini na ailete madrasa. Tutaisoma naye mstari kwa mstari kabla hajaweka dole gumba.