Ukumbi Ukifungwa, Nani Hubaki Kazini?

(Hotuba ya wakili mbele ya wanaharakati na waumini, Silanga, Kibera)



Mmeniomba nizungumze juu ya Kanuni za Kudumu za Bunge la Kaunti ya Nairobi, hasa zile zinazohusu mapumziko ya vikao. Wapo watakaosema kwamba hayo ni mambo ya makarani. Naomba tusikubaliane nao. Katika nchi hii, sauti ya raia imewahi kuzimwa kwa virungu. Imewahi pia kuzimwa kwa kalenda.

Tukumbuke. Mwezi Machi 1983 Serikali ililivunja Baraza la Jiji la Nairobi na kuweka Tume ambayo hakuna mkazi aliyeipigia kura. Madiwani wa kuchaguliwa hawakurudi hadi baada ya uchaguzi wa vyama vingi wa tarehe 29 Disemba 1992. Kwa muda wa karibu miaka kumi mkazi wa jiji alilipa ada bila ya kuwa na diwani wa kumuuliza swali. Likafuata Bunge jipya la vyama vingi. Lilifunguliwa tarehe 26 Januari 1993. Siku ya pili yake Rais Moi akaliahirisha, na wabunge hawakuketi tena hadi Machi. Katiba ya wakati ule ilimruhusu. Hakuna kura iliyofutwa. Mlango ulifungwa tu, na ufunguo ukabaki mfukoni mwa mtu mmoja.

Katiba ya 2010 iliutoa ufunguo huo mfukoni mwa Rais. Leo Bunge la Kaunti hujitungia Kanuni zake, hujipangia kalenda ya vikao, na laweza kuibadilisha kwa azimio lake lenyewe. Ufunguo umo mikononi mwa wawakilishi tuliowachagua katika wadi 85, pamoja na wenzao walioteuliwa na vyama. Je, sisi tunautazama unavyotumika?

Sipingi mapumziko. Mwakilishi wadi asiyepata nafasi ya kurudi kwa watu wake atawasemea nini? Lakini tuelewe kwamba linalopumzika ni Bunge. Serikali ya kaunti haipumziki. Mikataba hutiwa sahihi, ada hukusanywa, notisi za kubomoa hubandikwa. Paka akiondoka, panya hutawala.

Yapo mambo matatu ya kuangaliwa.

La kwanza ni namna ya kuhesabu siku. Sheria nyingine huhesabu siku za vikao, si siku za kalenda. Sheria ya Hati za Kisheria ya 2013 humpa waziri siku 7 za vikao kuwasilisha Bungeni kanuni alizozichapisha. Nyumba ikianza mapumziko ya mwezi mzima kesho yake, siku hizo 7 hugeuka kuwa zaidi ya mwezi, na huku kanuni zenyewe zaweza kuwa zimekwisha kuanza kazi. Lakini sheria ya kumwondoa gavana huhesabu siku za kawaida: Spika wa Kaunti ana siku 2 za kumjulisha Spika wa Seneti, naye ana siku 7 za kuitisha kikao. Ndiyo maana, Bunge letu lilipopiga kura tarehe 3 Disemba 2020 kumwondoa Gavana Mike Sonko, Seneti iliitishwa kwa vikao maalum na kumaliza shauri tarehe 17 mwezi huo huo. Basi sheria ikitaka haraka, mapumziko si kizuizi.

La pili ni kikao maalum chenyewe. Wakati wa mapumziko Spika aweza kukiitisha, nacho hushughulikia tu jambo lililotajwa katika tangazo. Hiyo ni kinga njema. Lakini tangazo likitufikia jambo limekwisha kupitishwa, kinga hiyo yatufaa nini? Kifungu cha 196 cha Katiba chataka vikao vya Bunge na vya kamati zake viwe wazi, na wananchi washirikishwe. Mlango ulio wazi kwa mtu asiyejua saa ya kikao ni sawa na mlango uliofungwa.

La tatu ni bajeti. Makadirio hufikishwa Bungeni kufikia tarehe 30 Aprili, na sheria ya matumizi yapaswa kuwa tayari kufikia tarehe 30 Juni. Ni miezi miwili tu ya kuuliza fedha za maji, vyoo na taa za Silanga ziko wapi. Kila juma la mapumziko linaloingizwa humo ni juma linalotolewa katika muda wetu, isipokuwa kamati ziendelee kutusikiliza.

Huko Berkeley, California, kabla ya mapumziko ya kiangazi baraza la mji humkabidhi meneja wa mji, kwa azimio, mamlaka ya muda ya kutia sahihi mikataba. Laweza kuwa jambo jema au baya, lakini angalau limeandikwa, na raia hujua ni nani wa kuulizwa.

Basi tufanye nini? Kifungu cha 15 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 humpa kila mtu haki ya kupeleka ombi kwa Bunge la Kaunti. Napendekeza tuandike ombi moja, tulitie sahihi hapa na makanisani, tulifikishe kwa Karani. Tuombe kalenda ya vikao, na kila badiliko lake, ibandikwe katika kila wadi. Tuombe tangazo la kikao maalum litolewe mapema, kwa Kiswahili pia. Tuombe kwamba Bunge likirudi, siku ya kwanza, serikali ya kaunti iweke mezani orodha ya mikataba na notisi zote ilizotoa ukumbi ulipokuwa umefungwa.

Waumini wanamjua yule mjane wa Injili aliyemrudia kadhi dhalimu hata akapewa haki yake. Hakuwa na cheo wala fedha. Alijua mlango wa kadhi ulipo, na hakuchoka kuubisha. Nasi tuujue mlango wetu, na siku unapofunguliwa.