Adui wa Kidung'ata

Mheshimiwa Makamu Mkuu wa Chuo, wanataaluma wenzangu, wanafunzi, na ninyi wakulima mlioacha mashamba yenu kuja kunisikiliza:

Nimekuja kutetea kazi inayodharauliwa katika vyuo vyetu, nayo ni kumtambua mdudu kwa spishi yake kabla ya kumtafutia adui.

Mapema miaka ya 1970, mdudu mgeni alionekana katika mihogo ya Kongo: kidung'ata, mdogo, mweupe kama aliyepakwa unga. Wote ni majike, na kila jike huzaa bila dume. Mate yake ni sumu kwa mmea. Akifyonza kichomozo, majani hujikunja na pingili hufupika, hivyo mkulima hukosa kisamvu kabla hata ya kukosa mihogo yenyewe. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980 alikuwa ameshaingia Tanzania.

Muhogo asili yake ni Amerika Kusini. Hans Herren, wa kituo cha utafiti cha IITA kule Ibadan, aliona kwamba kidung'ata naye lazima ametoka huko na kuwaacha maadui zake nyuma. Wazo lilikuwa sahihi, lakini vidung'ata waliopatikana mwanzo kaskazini mwa bara hilo hawakuwa wenyewe. Kwa macho walifanana na wa Afrika; kumbe wao wana madume na majike, na nyigu wanaowashambulia hawakufaa kwa kidung'ata wetu. Aliyeumaliza utata huo ni mtaalamu wa kuainisha wadudu. Wa Afrika alikuwa ameshaelezwa mwaka 1977 na Danièle Matile-Ferrero kwa jina Phenacoccus manihoti. Yule mwingine akaitwa Phenacoccus herreni. Msako ukaelekezwa kusini, na mwaka 1981 Anthony Bellotti akamkuta mdudu halisi Paraguay.

Pamoja naye alipatikana nyigu mdogo mno, Anagyrus lopezi. Jike hutaga yai ndani ya kidung'ata. Buu hula humo humo hadi kidung'ata afe na kukauka, kisha nyigu mpya hutoboa na kutoka. Nyigu hao waliwekwa kwanza karantini Uingereza, ndipo wakaachiwa Nigeria mwishoni mwa mwaka huo. Walisambaa nchi baada ya nchi, na mkulima hakutozwa hata senti. Herren alitunukiwa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1995.

Wapo wanaoogopa kuleta viumbe wageni, na wana haki. Australia ilileta chura wa miwa mwaka 1935 ili ale mbawakawa wa mashambani. Chura yule hula karibu chochote kinachoingia kinywani, na leo yeye mwenyewe ni balaa. Adui anayefaa ni yule asiyeweza kuishi bila mdudu tunayemkusudia. Huwezi kulithibitisha hilo ikiwa hujui mdudu wako ni nani.

Ndiyo maana inaniuma kuona makusanyo yetu ya wadudu yakiliwa na wadudu wengine makabatini, na wataalamu wa uainishaji wakistaafu bila warithi. Mheshimiwa, naomba nafasi za masomo kwa ajili ya fani hii, na bajeti ya kutunza vielelezo. Nanyi wakulima, mkikuta kwenye muhogo vidung'ata waliokauka na kugeuka kahawia, msipulizie dawa: ndani yao mna nyigu.