Mawazo Yaliyokwisha Pigwa Chapa

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wazee, walimu na vijana, Minjila, Kaunti ya Tana River)



Nimeombwa niseme habari ya akili ya mwanadamu, jinsi mawazo ya zamani na maneno ya watu wengine yanavyoigeuza. Mimi si profesa. Kazi yangu ni kufasiri. Basi nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Siku moja barazani mzee mmoja mkulima alisimama akasema kwa Kipokomo kwamba ng'ombe wameingia shambani mwake usiku, wamekula mahindi yote. Nami nikafasiri kwa sauti kubwa: "Ng'ombe wa Waorma wameingia shambani mwake." Mzee yule, ambaye Kiswahili anakijua sana ingawa hupenda kusema kwa lugha yake, akanikatiza: "Bwana mdogo, hao Waorma umewatoa wapi? Mimi sikuwataja." Watu wakacheka, nami nikaona haya. Wapo Wapokomo wenye ng'ombe, na wapo wafugaji wajao na makundi yao kutoka mbali. Hayo yote nayajua tangu utoto, wala hata moja halikunijia. Sikuwa na nia mbaya, na hilo ndilo lililonitisha. Jina lilikuwa limekwisha kaa ulimini, likatoka lenyewe.

Wapiga chapa wa zamani walikuwa na desturi moja. Walipokwisha kupanga herufi za ukurasa, waliweza kuzitengenezea kalibu, wakamimina risasi iliyoyeyushwa, wakapata bamba moja gumu. Kwa bamba hilo waliuchapa ukurasa ule mara nyingi bila kupanga herufi tena. Ni kazi rahisi, lakini herufi moja ikiwa na kosa, kosa hilo hutoka katika kila karatasi. Mwaka 1922 mwandishi mmoja wa Marekani, Walter Lippmann, alilichukua jina la bamba hilo akawapa mawazo yaliyoganda vichwani mwa watu. Alieleza kwamba aghalabu hatutazami kwanza ndipo tukajua jambo ni nini. Twaamua kwanza jambo ni nini, ndipo tukatazama.

Huku kwetu mabamba tunayo. Kwa mkulima, mfugaji huingiza ng'ombe shambani makusudi ili watu wahame. Kwa mfugaji, mkulima hulima juu ya malka makusudi ili ng'ombe wasifike mtoni, wafe kwa kiu. Neno zito humo ni hilo "makusudi", na ndilo lisilothibitishwa na mtu.

Mwaka 2012 sote twaukumbuka. Sisemi kwamba ugomvi ule ulikuwa wa mawazo matupu. Maji ni maji, na malisho ni malisho. Tena mipango mikubwa ya mashamba ya miwa ilikuwa imekwisha watia watu hofu juu ya ardhi, na uchaguzi wa Machi 2013 ulikuwa karibu. Lakini tarehe 22 Agosti, kijijini Riketa, waliuawa watu zaidi ya 50, wengi wao wanawake na watoto. Mtoto mchanga amefunga malka gani? Tarehe 10 Septemba huko Kilelengwani wakafa watu 38, na askari polisi miongoni mwao. Desemba ikawa Kipao. Kila upande ulizika. Siku zile, katika njia panda yetu hii ya Malindi, Garissa na Lamu, kila gari lilishusha uvumi, na kila simu iliongeza wake. Uvumi ulioafikiana na bamba ulipokewa kama ushahidi. Usioafikiana uliitwa uongo.

Kwa nini hatukuulizana? Mwalimu mmoja wa Marekani, Solomon Asch, alilipima jambo hili miaka ya 1950. Alimweka kijana mmoja kati ya wengine waliokwisha kupatana naye kwa siri, akawaonyesha mstari mmoja, wachague ulio sawa nao kati ya mitatu. Jibu lilikuwa wazi hata kwa mtoto. Wale wa siri wakataja kwa sauti moja mstari usio sawa. Katika majaribio hayo, kama theluthi moja ya majibu ya vijana waliojaribiwa yalifuata kosa la wengi, dhidi ya macho yao wenyewe. Lakini alipowekwa mtu mmoja tu wa kusema kweli kabla yao, makosa yalipungua yakawa kama robo ya yale ya kwanza.

Mmoja tu! Nami nikisoma habari ile huwakumbuka wazee wa Gasa na wa Matadeda, ambao hapo zamani waliketi pamoja kuamua habari za malka. Hawakupendana kuliko sisi. Bali penye baraza lao palikuwa na mtu wa kuuliza, "Nani aliyeona?" na mwenye habari alisimama mbele yake akajibu. Simu haisimamishwi.

Sasa ni zamu yenu kuuliza. Watakaosema Kipokomo nitawafasiria, na mwenzangu atawafasiria watakaosema Kiorma. Na yule mzee wa mahindi ameketi pale mbele, ananisikiliza neno kwa neno.