Mwandiko Safi Katika Programu za Simu

Fungueni madaftari, tuanze somo.

Juma lililopita tulijifunza kuandika hesabu ya pamba: jina, kilo na bei, kila kimoja katika safu yake. Baadhi yenu mliuliza, “Hesabu ikiwa sahihi, mwandiko una kazi gani?” Leo nitawajibu kwa habari ya simu.

Simu hufanya kazi kwa programu, yaani amri zilizoandikwa na watu, mstari kwa mstari. Programu za chini kabisa ni kama msingi wa nyumba. Zikiwa na kosa, kila kilicho juu yake kimo hatarini.

Mwezi wa Februari 2014 kampuni ya Apple ya Marekani ilisahihisha kosa katika simu zake. Fungu moja la amri lilikuwa na kazi ya kuhakikisha kwamba unayempelekea siri yako, kwa mfano benki, ni mwenyewe hasa. Humo mlikuwa na amri ya “ruka hadi mwisho”, iliyopasa kufuatwa panapokuwa na kasoro tu. Amri hiyo iliandikwa mara mbili, mmoja chini ya mwingine. Mstari wa pili ulisogezwa ndani sawa na wa kwanza, hata ukaonekana kuwa chini ya sharti lile lile. Kumbe sivyo! Programu iliruka ukaguzi wa mwisho, ikajibu kwamba mambo ni salama. Mwizi aliyekaa njiani aliweza kujifanya benki.

Ziko kanuni mbili za kuzuia kosa kama hilo. Kwanza, amri zilizo chini ya sharti zifungwe kwa mabano, hata ikiwa ni moja. Pili, kazi inayorudiwa iandikwe mara moja, ipewe jina, kisha iitwe inapohitajika. Fungu hilo ni msaidizi, kama karani mmoja wa mizani anayewapimia wakulima wote.

Linux, programu ya msingi iliyomo katika simu za Android, ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds wa Finland. Mwongozo wake husema: fungu liwe fupi, lifanye jambo moja tu.

Basi jibu ni hili: mwandiko safi si pambo. Humsaidia mwenzako kuliona kosa ulilopita wewe.

Zoezi: Andika hesabu ya magunia matatu ya pamba. Badilishana daftari na jirani yako, kila mmoja amkague mwenziwe.